Gari Kuukuu na Gari la Kale: Umri wa Magari na Gharama za Maisha Katika Historia

Kiswahili kinatenganisha maneno kuukuu na kale. Kitu kuukuu ni kile kilichochakaa kwa kutumika, ambacho mwenye nacho angekibadilisha lau angekuwa na uwezo. Kitu cha kale ni kile ambacho umri wenyewe umekiongezea heshima, kama msikiti wa Kizimkazi au magofu ya Gedi. Kwa upande wa magari, mpaka kati ya maneno hayo mawili haukuwekwa na miaka peke yake. Gari la kampuni moja na la mwaka mmoja limekuwa kuukuu katika nchi moja na la kale katika nchi nyingine kwa wakati uleule, na sababu kubwa ya tofauti hiyo imekuwa gharama za maisha: ujira wa fundi, bei ya gari jipya, kodi ya mahali pa kuegesha, na sheria ambazo serikali zimetunga kwa kuzingatia hesabu hizo.

Shirikisho la kimataifa la vilabu vya magari ya kale, ambalo hujulikana kwa herufi za jina lake la Kifaransa, FIVA, liliundwa mwaka 1966, na ufafanuzi wake wa gari la kihistoria umeenea sana miongoni mwa wapenzi wa magari hayo. Kwa mujibu wa ufafanuzi huo, gari linapaswa kuwa na umri usiopungua miaka 30, liwe limehifadhiwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, yaani hali inayolingana na zama zake, na lisiwe linatumika kama chombo cha usafiri wa kila siku. Masharti mawili ya kwanza yanaeleweka kwa urahisi. Sharti la tatu ndilo linalostahili kuchunguzwa, kwa kuwa linachukulia kwamba mwenye gari la miaka 30 ana njia nyingine ya kwenda kazini, na dhana hiyo ilizaliwa katika nchi tajiri.

Kulinganisha gharama za maisha baina ya nchi hakumaliziki kwa kugeuza sarafu moja kuwa nyingine kwa kiwango cha benki. Mwanauchumi wa Sweden, Gustav Cassel, ndiye aliyelipa jina mwaka 1918 wazo la uwiano wa uwezo wa kununua, yaani kuipima fedha kwa kile inachoweza kununua nyumbani kwake, na mwaka 1964 Béla Balassa na Paul Samuelson, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwa nini kipimo hicho na kile cha benki hutofautiana sana katika nchi maskini. Bidhaa zinazovuka mipaka, kama vile matairi, beringi na oili ya injini, huelekea kukaribiana bei kila mahali, ilhali huduma zisizoweza kupakiwa melini, kama vile kunyoa, kushona nguo na kunyoosha bodi ya gari, hufuata mishahara ya mahali zinapotolewa. Gari la zamani ni mchanganyiko wa mambo hayo mawili, tena likiongezewa la tatu, nalo ni ardhi ya kuliegesha. Ndiyo maana gereji ya Ulaya huling'oa bawa la gari lililobonyea na kufunga jipya, maana saa za fundi ni ghali kuliko bati, na gereji ya Dar es Salaam hulinyoosha bawa hilohilo kwa nyundo, likapigwa bondo na rangi, maana bati ni ghali kuliko saa za fundi. Kila maisha marefu ya gari duniani yanaweza kuelezwa, kwa sehemu kubwa, kwa hesabu hiyo.

Kipimo rahisi zaidi, ambacho hakihitaji kubadilisha sarafu, ni siku za kazi. Ford Model T ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1908 bei yake ilikuwa dola 850, na kufikia mwaka 1925 toleo lake la bei ya chini kabisa lilikuwa limeshuka hadi dola 260. Kwa ujira wa dola 5 kwa siku ambao Henry Ford aliutangaza Januari 1914, gari hilo la dola 260 lilikuwa sawa na siku 52 za kazi. Jamii ambayo mfanyakazi wa kiwandani hununua gari jipya kwa ujira wa miezi miwili haina sababu ya kulienzi gari lililochoka, na kwa hakika Marekani ya miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa nchi ya kwanza kujaza mashamba yake mizoga ya magari. Gari la kale, kwa maana ya kitu cha kuhifadhiwa, lilipata wapenzi baadaye, pale wachache walipoanza kuyaokoa magari ambayo wengi waliyatupa.

Uingereza iliutangulia mwelekeo huo. Novemba 14, 1896, waendeshaji walisafiri kutoka London hadi Brighton kushangilia sheria mpya iliyopandisha mwendo ulioruhusiwa kutoka maili 4 hadi maili 14 kwa saa. Safari hiyo ilirudiwa mwaka 1927 kwa magari ambayo wakati huo yalionekana kuwa takataka, na miaka mitatu baadaye, mwaka 1930, klabu ya wenye magari ya awali kabisa ikaundwa. Hadi leo safari ya London hadi Brighton hupokea magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1905 tu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, katika nchi ambayo petroli iligawiwa kwa kadi hadi mwaka 1950, mapenzi hayo yangeweza kufa, lakini mwaka 1953 filamu ya Genevieve, iliyochezwa kwa gari la Darracq la mwaka 1904, iliyageuza kuwa burudani ya watu wa kawaida. Serikali nayo ikafuata mkondo. Leo gari lililotimiza miaka 40 nchini Uingereza husamehewa kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 kwa kawaida husamehewa pia ukaguzi wa kila mwaka, maadamu halijabadilishwa sana. Ujerumani ilianzisha mwaka 1997 namba maalumu yenye herufi H kwa magari ya miaka 30 na kuendelea yaliyo katika hali ya asili, na mwenye nayo hulipa kodi moja ya takribani euro 191 kwa mwaka bila kujali ukubwa wa injini.

Misamaha hiyo ni zawadi ya nchi zenye nafasi. Serikali imeweza kuyasamehe magari hayo kwa sababu ni machache, hayatembei sana, na wenye nayo wana magari mengine nyumbani. Huko juu kabisa ya soko, gari la kale limekwisha kuacha kuwa chombo na kuwa akiba ya mali: mwaka 2018 Ferrari 250 GTO iliuzwa mnadani California kwa zaidi ya dola milioni 48, na Mei 2022 Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955 iliuzwa Stuttgart kwa euro milioni 135. Bei kama hizo haziwezi kupimwa kwa siku za kazi za mtu yeyote anayepokea mshahara, na kwa mtafiti wa gharama za maisha hazina mengi ya kufundisha.

Japani ni habari nyingine. Nchi hiyo, ambayo imetengeneza magari mengi yanayodumu kuliko karibu nchi nyingine yoyote, imejijengea taratibu zinazoyasukuma magari hayo nje mapema. Ukaguzi wa lazima uitwao shaken, uliotokana na sheria ya mwaka 1951, humpata mwenye gari dogo binafsi kila baada ya miaka miwili mara gari linapopita miaka mitatu ya mwanzo. Sheria ya mwaka 1962 humtaka athibitishe kwamba ana mahali pa kuliegesha. Na gari la petroli likizidi miaka 13 kodi yake huongezwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomkataza mtu kukaa na gari la zamani, lakini yote pamoja humfanya mwenye kipato cha kati aone heri auze. Gari lililo zima kabisa huingia mnadani, likapakiwa melini, na kwa kuwa Japani huendesha upande wa kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania, bandari za Mombasa na Dar es Salaam zimekuwa miongoni mwa vituo vyake vikubwa. Singapore imekwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 1990 kila mwenye gari hununua kwa mnada kibali cha kulimiliki kwa miaka 10, na mwaka 2023 bei ya kibali hicho peke yake, bila gari, ilivuka dola 100,000 za Singapore. Gari la miaka 35 na zaidi linaweza kuandikishwa huko kama la kale kwa unafuu, lakini linaruhusiwa barabarani siku 45 tu kwa mwaka.

Nguvu ya sheria hizi huonekana wazi zaidi gari moja linapofuatwa katika nchi tatu. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1988, ilifunga mlango kwa magari ya nje yasiyokidhi viwango vyake vya usalama, ila yale yaliyotimiza miaka 25. Kenya, kwa kiwango cha shirika lake la ubora wa bidhaa, haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Nissan Skyline GT-R ya mwaka 1989, ilipofika mwaka 2014, ilikuwa nchini Japani ni gari linalotozwa kodi ya uzee. Mombasa isingeweza kushushwa, kwa sababu ilikwisha kuzidi kikomo kwa miaka mingi. Na Marekani ndiyo kwanza ilikuwa inapata ruhusa, wanunuzi wakaikimbilia na bei yake ikapanda. Umri uleule wa miaka 25 ulikuwa kosa kwa nchi mbili na sifa kwa nchi ya tatu.

Hata hivyo, mfano unaofundisha kuliko yote ni Kuba. Kabla ya mapinduzi ya Januari 1959 kisiwa hicho kilikuwa soko kubwa la magari ya Marekani, na mitaa ya Havana ilijaa Chevrolet, Buick, Ford na Cadillac za miaka ya 1940 na 1950. Marekani ilipoanza kubana biashara mwaka 1960 na kuifunga karibu yote Februari 1962, magari hayo yalibaki bila spea na bila warithi. Magari ya Kisovieti yaliyofuata, kama vile Moskvitch na Lada, yaligawiwa kwa kibali kwa watumishi waliostahili, na kwa miongo mingi magari yaliyokuwepo kisiwani kabla ya mapinduzi ndiyo pekee ambayo raia aliweza kumwuzia raia mwenzake kwa uhuru. Kwa njia hiyo sheria, pasipo kukusudia, iliyapa magari makuukuu thamani ambayo magari mapya hayakuwa nayo: yalikuwa mali kamili ya mtu.

Wakuba waliyaita almendrones, yaani lozi kubwa, kwa sababu ya migongo yake ya mviringo. Umoja wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991 na mafuta kuadimika, injini za petroli za silinda nane zilizokuwa zikimeza mafuta ziling'olewa na kuwekwa za dizeli, nyingine kutoka kwa malori na mashine za Kisovieti, nyingine baadaye kutoka kwa magari ya Kijapani na Kikorea. Sehemu zilizokosekana zilichongwa kwa mkono. Magari hayo yakawa teksi za kuchangia, na nauli ya mjini kwa muda mrefu ilikuwa peso 10. Wastani wa mshahara wa mwezi wa mtumishi wa serikali mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulikuwa kati ya peso 450 na 500, sawa na dola 20 hivi, maana yake abiria wasiozidi 50 walitosha kumpa dereva mapato yanayolingana na mshahara wa mwezi mzima wa daktari au mwalimu, kabla ya kutoa gharama za mafuta na matengenezo. Mwenye gari la mwaka 1952 alikuwa na mtaji mkubwa kuliko mwenye shahada.

Serikali ya Kuba ililegeza masharti ya mauziano mwaka 2011, na Januari 2014 ikaruhusu raia kununua magari mapya bila kibali katika maduka ya dola. Bei zilishangaza ulimwengu: Peugeot 508 iliandikiwa takribani dola 262,000. Kwa mshahara wa dola 20 kwa mwezi hiyo ni miezi 13,100, yaani zaidi ya miaka 1,000 ya kazi, ikiwekwa kando ya siku 52 za mfanyakazi wa Ford. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini Chevrolet za miaka ya 1950 zingali zikitembea Havana, na wageni wanaozipiga picha kama ishara ya mapenzi ya Wakuba kwa mambo ya kale huwa wanatazama, kwa kweli, bei ya gari jipya.

Afrika Mashariki ilipita njia inayofanana na hiyo, ingawa kwa muda mfupi zaidi. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa kwa miaka mingi mtihani wa hadharani ambao wanunuzi wa eneo hilo waliutumia kuchagua gari. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, na tena mwaka 1966, 1967 na 1968, mara mbili kati ya hizo ikiendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Peugeot 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Ushindi huo haukubaki kwenye magazeti. Peugeot zenye safu tatu za viti zikawa teksi za masafa marefu kati ya Nairobi, Nakuru na Kisumu, na Land Rover na Peugeot za mizigo zikabeba kahawa, wagonjwa na maiti hadi vijiji ambavyo basi halikufika. Mercedes-Benz, kwa upande wake, iliwapa watu wa mwambao na bara neno wabenzi, ambalo lilikuwa tayari limejaa lawama, kwa maana liliwataja waliojitenga na wenzao kwa gari.

Kisha ikaja miaka migumu. Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na uhaba wa fedha za kigeni uliofuata viliifanya Tanzania iwe nchi ambamo gari jipya lilikuwa karibu haliingii bila kibali cha fedha za kigeni. Uganda ilikwisha kuonja taabu hiyo mapema, maana kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kulifunga maduka mengi yaliyoagiza spea. Wakati huo ndipo mafundi wa Gerezani mjini Dar es Salaam, wa Grogan mjini Nairobi na wa Katwe mjini Kampala walipojenga elimu ambayo haikuandikwa popote: kuchonga bushi kwa mpira wa tairi, kujaza chuma mhimili uliolika na kuuchonga upya kwa mashine, kuihamishia injini ya gari moja kwenye chasisi ya jingine, kutengeneza springi kutoka kwa vyuma vya lori lililokufa. Peugeot na Land Rover zilizovuka miaka hiyo zilikuwa zimebadilishwa karibu kila kiungo, kama Chevrolet za Havana, na kwa sababu ileile.

Kilichoziua hakikuwa uchakavu. Tanzania iliporuhusu mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata, na nchi zote tatu zilipofungua masoko yao katika miaka iliyofuata, magari yaliyotumika ya Kijapani yalianza kumiminika, na ikawa gharama ya kumlipa fundi aifufue Peugeot ni kubwa kuliko kuagiza Toyota ya miaka 7. Injini zikauzwa kuendesha mashine za kusaga, bodi zikaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Serikali nazo zikaanza kuogopa kwamba nchi zao zingegeuzwa jalala, hofu yenye msingi, na kila moja ikaweka kizuizi chake: Kenya kikomo cha miaka 8, Uganda mwaka 2018 kikomo cha miaka 15, na Tanzania ushuru wa ziada kwa magari yaliyozidi umri uliowekwa.

Mapenzi ya gari la kale hayakukosekana katika eneo hili. Maonyesho ya magari bora mjini Nairobi yalianzishwa mwaka 1970 na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo, na mwaka 2003, katika kuadhimisha nusu karne ya Safari, yalianzishwa mashindano ya Safari kwa magari ya zamani, ambayo washiriki wake wengi hutoka Ulaya na magari yao hushushwa bandarini pamoja na mafundi wao. Shughuli zote mbili zina heshima yake. Lakini magari yanayong'arishwa humo ni machache, na aghalabu si yale yaliyoibeba nchi. Teksi ya Nakuru na Land Rover ya zahanati hazina mtu wa kuzipeleka uwanjani.

Wahifadhi wa Ulaya wangesema kwamba magari hayo hayastahili, kwa kuwa yalipoteza uasili wake pale kabureta ya asili ilipotolewa. Hoja hiyo ina uzito katika jumba la makumbusho la kiwanda, lakini si kanuni ya ulimwengu mzima. Pwani ya Waswahili imeijua kwa karne nyingi namna nyingine ya kudumu: jahazi hukarabatiwa ubao kwa ubao, hutiwa kalafati kila msimu, mlingoti hubadilishwa, na baada ya miaka 40 huenda hakuna ubao wa mwanzo uliobaki, lakini jina lake ni lilelile na nahodha hasemi kwamba ana chombo kipya. Peugeot 504 yenye injini ya kigeni na springi za kuchongwa Gerezani ni hati ya historia kwa sababu ya mabadiliko hayo hasa, maana kila kiungo kilichobadilishwa kinaonyesha mwaka ambao kiungo cha asili hakikupatikana au hakikununulika. Ufafanuzi unaoliondoa gari kwenye historia kwa kosa la kufanya kazi kila siku unaziondoa pia nchi ambazo magari hayakuwa na siku ya kupumzika, na ufafanuzi huo unafaa urekebishwe.

Kazi inayowezekana sasa haihitaji fedha nyingi. Mafundi waliofanya kazi Gerezani, Grogan na Katwe katika miaka ya 1970 na 1980 wamezeeka, na walio hai wanaweza bado kueleza walichongaje, walibadilishaje na kwa ujira gani. Vyuo vya ufundi na majumba ya makumbusho ya eneo hili yawafuate na kuwarekodi. Familia zilizowahi kuwa na gari la aina hiyo zisitupe kadi yake ya usajili, risiti za spea wala picha zilizopigwa kando ya boneti, kwani karatasi hizo zina bei, tarehe na majina ya mahali ambayo hayapatikani tena kwingine.